Picha ya Pili: Safari ya Kamera Ndani ya Jicho Lenye Presha

Barabara ya Iringa kwenda Msembe ina urefu wa kilomita 104. Watalii huipita wakienda kutazama tembo wa hifadhi ya Ruaha. Watu wa vijiji vya Idodi, Mapogoro na Tungamalenga huipita kuelekea upande wa pili, mjini, na miongoni mwao wapo wanaofuata daktari wa macho. Wengi huondoka nyumbani wakiamini wana mtoto wa jicho. Heri awe huyo kweli, kwa sababu mtoto wa jicho hutolewa na mtu akaona tena. Presha ya macho, ambayo madaktari huiita glakoma, haina huruma hiyo: uoni iliokwisha kuuchukua haurudi.

Aina yake iliyoenea zaidi kwetu haiumi wala haifanyi jicho kuwa jekundu. Huanza kula uoni wa pembeni. Mkulima wa mpunga anaendelea kupalilia, anamtambua jirani anayemjia kwa mbele, ila anajikwaa kwenye ndoo iliyokuwa kando ya mguu wake. Jicho moja likipungukiwa, la pili humzibia pengo, na miaka inapita. Kupima presha peke yake hakutoshi, kwani wapo ambao namba yao ni ya kawaida na bado mshipa wa fahamu wa jicho unakufa. Kwa hiyo madaktari walilazimika kutafuta njia ya kuuona mshipa wenyewe.

Mlango ulifunguliwa na Mjerumani Hermann von Helmholtz. Mwaka 1851 alichapisha maelezo ya kifaa chake cha kuchungulia ndani ya jicho la mtu aliye hai, akitumia vioo vya kupeleka mwanga ndani na kuuruhusu urudi kwa mtazamaji. Kabla yake, mboni ilikuwa shimo jeusi tu. Sasa madaktari waliona mahali ambapo nyuzi za fahamu zaidi ya milioni moja hukusanyika na kutoka kuelekea ubongoni. Mahali hapo hupaita kisahani, na bonde lililo katikati yake huliita kikombe. Nyuzi zikifa, kikombe kinapanuka na kuula ukingo.

Hata walioona mapema walipotoka. Albrecht von Graefe wa Berlin, bingwa wa macho wa zama zake, mwanzoni alidhani kisahani cha mgonjwa wa glakoma kimevimba, kumbe kilikuwa kimebonyea. Kosa hilo lilirekebishwa baada ya muda mfupi, lakini linatukumbusha tatizo la miaka ile: kila daktari aliona kwa jicho lake, akachora kwa mkono wake, na mgonjwa akirudi baada ya mwaka hapakuwa na cha kulinganisha isipokuwa mchoro na kumbukumbu.

Kamera ilikuja polepole. Mwaka 1886 huko Bristol, Uingereza, Jackman na Webster walipata picha ya sehemu ya ndani ya jicho la mtu aliye hai. Kamera ilifungwa kichwani, na picha moja ilihitaji dakika mbili na nusu za kutotikisika. Jaribu kukodoa macho muda huo uone. Kamera ya kutumika hospitalini ilipatikana mwaka 1926, kazi ya kampuni ya Carl Zeiss na daktari Nordenson wa Sweden.

Basi la Idodi likitoka mjini hupita Kalenga, yaliyokuwa makao ya Mkwawa, mtemi wa Wahehe, ambayo majeshi ya Wajerumani yaliyavunja mwaka 1894. Wakati huo madaktari wa Ujerumani walikuwa na miaka zaidi ya 40 ya uzoefu wa kuchungulia macho. Mizinga ya nchi hiyo ilikuwa na haraka zaidi ya kufika Uhehe kuliko elimu yake ya macho.

Ukubwa wa tatizo vijijini ulionekana waziwazi miaka mia moja baadaye, tena karibu na hapa. Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, ilijulikana kwa trakoma, ugonjwa mwingine wa macho. Watafiti walipopima watu 3,268 wenye umri wa miaka 40 na zaidi katika vijiji sita, walikuta asilimia 4.16 wana glakoma, kwa maelezo waliyochapisha mwaka 2000. Hao ni wanne katika kila mia, wakulima na wafugaji, wengi wao Wagogo. Wagogo wapo Idodi pia, pamoja na Wahehe.

Vifaa navyo vilikuwa vimesonga mbele. Mwaka 1991, David Huang, James Fujimoto na wenzao nchini Marekani walitangaza mashine ya OCT, ambayo hutumia mwanga kupima unene wa tabaka za retina, utando wa nyuma ya jicho, kwa maikromita bila kuligusa jicho. Safu ya nyuzi za fahamu ikianza kukonda, mashine inaweza kuona kabla mwenye jicho hajahisi lolote. Ni kifaa cha ajabu, lakini bei yake hufikia makumi ya maelfu ya dola, na kinahitaji umeme na fundi. Zaidi ya hayo, mashine hupaka rangi nyekundu au kijani kwa kumlinganisha mgonjwa na watu wenye afya ambao wengi wao hawakutoka Afrika. Kisahani cha Mwafrika kwa wastani ni kikubwa, na kikombe chake kinaweza kuwa kikubwa bila ugonjwa wowote. Ndiyo maana naona picha moja si hukumu. Ya pili, iliyopigwa baada ya miezi au mwaka, ndiyo inayosema kama kuna kinachopungua.

Kwa kijiji, habari kubwa zaidi ilitoka Nakuru, Kenya. Daktari Andrew Bastawrous na timu yake walijaribu huko kifaa kidogo cha kupachika kwenye simu, Peek Retina. Watu wasio na mafunzo ya udaktari walifundishwa kukitumia, na picha zao zikapelekwa hospitali ya Moorfields, London, zikakaguliwe sambamba na za kamera kubwa. Matokeo ya mwaka 2016 yalionyesha kuwa zilifaa kwa kupima kikombe.

Kuona bila kutibu ni kumtesa mtu. Matone ya dawa hutiwa kila siku maisha yote, na chupa ikiisha lazima inunuliwe nyingine. Hospitali ya KCMC, Moshi, ilishiriki utafiti wa wagonjwa 201 uliolinganisha matone ya timolol na tiba ya leza. Baada ya mwaka mmoja, leza ilifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho, matone kwa asilimia 31. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2021. Hata aliyepata leza anahitaji kuangaliwa tena na tena, maana presha inaweza kupanda upya.

Msomaji, ukiwa umetimiza miaka 40, au mzazi wako au ndugu yako wa tumbo moja ana presha ya macho, usiridhike na kusoma herufi za ukutani. Mwombe daktari autazame mshipa wa fahamu. Kama kuna kamera, omba nakala ya picha ikae kwenye simu yako pamoja na tarehe yake, na siku ya kurudi uende nayo.