Nani Kalipia Gemu? Kutoka Jeshi la Marekani hadi Bati la Kyerwa

Mtoto wa Omurushaka, Karagwe, akichagua Arsenal kwenye kibanda cha gemu, wachezaji wake huingia uwanjani wakiwa na maneno "Visit Rwanda" mkononi mwa jezi. Yeye katoa hela yake acheze mechi. Tangazo limemfuata humo humo bila kubisha hodi. Na anayetangazwa si mgeni. Magharibi mwa wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ukivuka Mto Kagera tu, uko Rwanda, na sehemu ya ukingo ule ni Hifadhi ya Akagera, iliyotengwa tangu 1934. Upande wetu wa Tanzania zipo Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, zilizopandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa mwaka 2019. Ila mwaka 2018 Rwanda ilisaini mkataba na Arsenal, na jezi ikinakiliwa kwenye gemu, tangazo nalo linanakiliwa. Wachezaji wa klabu ya Simba waliwahi kuvaa "Visit Tanzania" kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2021, lakini vijana vibandani wanacheza ligi za Ulaya.

Tangazo hilo hilo linasomwa vingine kule Kongo. Februari 2025, baada ya waasi wa M23, wanaodaiwa kusaidiwa na Rwanda, kuuteka mji wa Goma, Waziri wa Mambo ya Nje wa Kongo, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliziandikia Arsenal, Bayern Munich na PSG akizitaka ziachane na mikataba yao na Rwanda. Kwa hiyo kijana anayebonyeza pedi Kayanga amebeba mkononi mwa mchezaji wake ugomvi wa nchi mbili, na hana habari.

Ujanja huu ni wa zamani kuliko wengi wa wachezaji wenyewe. Mwaka 1983 Coca-Cola iliiagiza Atari gemu kwa ajili ya mkutano wa watu wake wa mauzo mjini Atlanta. Maadui wanaoshuka kutoka juu walikuwa herufi za jina la Pepsi. Mchezaji hakuweza kushindwa: alipewa uhai usioisha, dakika tatu zikitimia Coca-Cola inatangazwa mshindi. Zilitengenezwa nakala 125 tu. Miaka 25 baadaye, Oktoba 2008, Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kogelo ng'ambo ya Ziwa Victoria, akawa mgombea urais wa kwanza wa Marekani kununua nafasi ya tangazo ndani ya gemu. Picha yake ilitokea kwenye mabango ya barabarani katika gemu ya magari ya Burnout Paradise, na ilionekana kwa wachezaji wa majimbo yenye ushindani mkali. Dereva anapita mbio, bango linamkumbusha kura.

Lakini waliokwenda mbali zaidi ni wanajeshi.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilikuwa halipati vijana wa kutosha kujiunga. Kanali Casey Wardynski, mtaalamu wa uchumi katika chuo cha kijeshi cha West Point, akaja na wazo la kuwafuata vijana walipo. Tarehe 4 Julai 2002, sikukuu ya uhuru wao, ikatoka America's Army: gemu ya bure, iliyotengenezwa katika chuo cha wanamaji huko Monterey, California, kwa fedha za walipa kodi. Mchezaji anaanza na mafunzo: kulenga shabaha, kufuata amri, hata huduma ya kwanza. Akimpiga mwenzake risasi, anajikuta gerezani. Na kila mchezaji anajiona yeye ni askari wa Marekani. Adui siku zote ni yule wa upande wa pili. Naliona hilo kuwa jambo la werevu mkubwa na la kutisha kwa pamoja. Hapo hakuna tena bango pembeni ya barabara, maana mchezo mzima ni tangazo.

Sisi wa Kagera hatuhitaji kufundishwa maana ya kuandikisha askari. Idi Amin alipovamia mwishoni mwa Oktoba 1978, na majeshi yake kulivunja Daraja la Kyaka, wito ulisafiri kwa redio, kwa mikutano ya chama na kwa viongozi wa vijiji. Mgambo walipatikana kwa maelfu. Kijana wa wakati ule alijua anaitwa na nani na kwa vita gani. Wa Marekani aliyepakua gemu akiwa na miaka 13 alidhani anacheza.

Wapo waliolikataa jambo hilo wakiwa ndani ya gemu yenyewe. Machi 2006 msanii Joseph DeLappe alianza kuingia America's Army kama mchezaji wa kawaida, anaweka silaha chini, hapigani, kisha anaandika kwenye sehemu ya mazungumzo jina moja moja la askari wa Marekani aliyekufa Iraq, pamoja na umri na tarehe ya kifo. Wachezaji wengine walimtukana, wakampiga risasi, wakamfukuza. Akirudi anaendelea na jina linalofuata. Aliendelea hivyo hadi Marekani ilipoondoa majeshi yake mwishoni mwa 2011. Gemu yenyewe ilizimwa Mei 2022.

Wanaharakati wengine nao walishajua kwamba pedi inaweza kushikwa na yeyote. Mwaka 2005 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilitoa Food Force. Mwaka uliofuata wanafunzi wa chuo kikuu kimoja huko California, wakiongozwa na Susana Ruiz, wakatoa Darfur is Dying, ambapo unachagua mwanafamilia wa kwenda kuteka maji huku wanamgambo wa Janjaweed wa Sudan wakimwinda. Sina hakika kumkimbia Janjaweed kwa kubonyeza kitufe kunamfanya mtu aielewe Darfur. Kulifanya Wamarekani wengi walijue jina lake, na hilo nalo si dogo.

Gemu inayotuhusu sisi ilikuja Septemba 2011. Mtaliano Paolo Pedercini, kupitia kundi lake la Molleindustria, alitengeneza Phone Story, gemu ya simu inayosimulia simu yenyewe inatoka wapi. Hatua ya kwanza ni mgodi wa koltani Kongo: wewe ndiye mwenye bunduki, na kazi yako ni kuwakemea watoto wasipumzike. Ukiwahurumia, umeshindwa. Apple iliiruhusu kwenye duka lake, kisha ikaiondoa baada ya siku chache tu.

Karagwe na Kyerwa zinaingiaje? Kwa bati. Ardhi ya Kyerwa ina madini ya bati yaliyoanza kuchimbwa tangu enzi za Mwingereza, na wachimbaji wadogo bado wapo mashimoni. Bati ndilo sehemu kubwa ya lehemu, ule uzi wa rangi ya fedha ambao fundi simu huuyeyusha kushikiza vipande. Hakuna simu, pedi wala PlayStation isiyokuwa nao. Kampeni za kupinga madini ya vita vya Kongo zilizaa sheria ya Marekani ya Julai 2010, inayozitaka kampuni zieleze zilikopata bati, tantalamu, tangsteni na dhahabu. Sheria hiyo haikuigusa Kongo peke yake, bali na nchi zinazopakana nayo, Tanzania ikiwemo. Mchimbaji wa Kyerwa, ambaye hana vita vyovyote, akajikuta naye anadaiwa karatasi za kuthibitisha mzigo wake ulikotoka. Harakati zilizofanywa kwa nia njema kule mbali zilifika kwake zikiwa masharti, na sikumbuki gemu iliyomweka yeye kuwa mhusika.

Hata hivyo jirani zetu walishaanza kutengeneza za kwao. Kenya, kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, kampuni ya Afroes ya Anne Githuku-Shongwe ilitoa Haki 2: Chaguo ni Lako, gemu ya simu ya kuwahimiza vijana kulinda amani, na damu ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008 ilikuwa bado haijakauka vichwani.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka Uganda. Lual Mayen alizaliwa njiani familia yake ikikimbia vita vya Sudan Kusini, akakulia kambini kaskazini mwa Uganda. Alipomwambia mama yake anataka kompyuta, mama alidunduliza miaka mitatu hadi akapata dola 300. Kambini hakukuwa na umeme. Kijana alitembea saa tatu kwenda kuichaji. Akajifundisha mwenyewe, na mwaka 2016 akatengeneza Salaam. Mchezaji ni mkimbizi anayekwepa mabomu na kutafuta maji, chakula na dawa. Nakala za kwanza zilisambaa kambini simu kwa simu. Desemba 2018 alitunukiwa jukwaani kwenye tuzo kubwa za gemu huko Los Angeles. Watu wa Karagwe walioona wakimbizi wa Rwanda wakimiminika mwaka 1994 hawahitaji maelezo ya ziada kuhusu Salaam. Na tofauti yake na Darfur is Dying iko wazi: huyu hakusimuliwa.

Karagwe yenyewe imo kwenye gemu, kwa wasiojua. Kampuni ya Paradox ya Sweden iliiweka katika Europa Universalis IV kama dola unayoweza kuitawala, pamoja na Buganda na Bunyoro. Mswidi anaweza kukaa sebuleni kwake akaiongoza nchi ya akina Mfalme Rumanyika. Kijana wa Bweranyange hajawahi kuombwa ushauri.

Mada ya kuanzia gemu yetu wenyewe tunayo. Mnyauko bakteria wa migomba uliingia Kagera mwaka 2006 na ukala mashamba ya watu. Kanuni zake zimekaa kama gemu tayari: ondoa ua dume mapema kwa fimbo yenye panda, usilikate kwa panga, na kwa kazi nyingine pitisha panga kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine, kata shina lililougua usiliburute shambani. Ukikosea mara moja, ugonjwa unahama. Redio ya jamii ya FADECO imewasemesha wakulima wa Karagwe kwa miaka mingi, na maneno ya Kinyambo ya kuweka kwenye gemu hiyo inayo. Halmashauri za Karagwe na Kyerwa hutenga fedha za mikopo ya vijana kila mwaka. Mwaka huu fungu moja liende kwa vijana wanaojua kuandika programu, watutengenezee gemu ya mgomba, ichezwe bure kwenye simu za bei ndogo, na majina yao yaandikwe mwanzoni.