Diski mpya zimefika: nyimbo za wazee wetu mu maduka ya Ulaya

Mu kijitabu hiki tumezoea kusoma juu ya ngoma, ndoa, mahari na kilio. Msomaji anaweza kuuliza: diski nayo iko desturi? Nasema ndiyo. Kitu ambacho watu wamekikalia pamoja miaka hamsini, wakakichezea ku arusi na ku matanga, kimekuwa cha jamaa hata kama kilitoka kiwandani.

Tuanze na mambo ya leo. Mu miji kama Bruxelles, London na Paris kuko maduka madogo ya diski ambayo hayako ya kampuni kubwa. Mwenye duka anachagua mwenyewe. Mara kwa mara anatoa orodha ya diski zilizofika, na ingine ya zile zitakazokuja, ili mutu alipie mbele. Mu orodha zile jina la Kongo linarudi-rudi. Nyumba ya Sterns ya London ilitoa nyimbo za Franco mu mafungu mawili, 2008 na 2009. Planet Ilunga ya Bruxelles ilirudisha ku diski kubwa nyimbo za O.K. Jazz za zamani za Loningisa, 1956 mpaka 1961. Mu 2024 Analog Africa ya Ujerumani ikatoa Congo Funk!, nyimbo za Kinshasa na Brazzaville za 1969 mpaka 1982. Zote ziliandikwa "mpya". Lakini umri wao unapita ule wa wengi wanaozinunua.

Kwa mzee wa Lubumbashi neno hili ni la kuchekesha, maana yeye anakumbuka wakati ambapo mpya ilikuwa mpya kweli.

Zamani za Wabeleji, vitu vya Elisabethville vilipanda na treni kutoka kusini. Reli ya Rodezia ilifika hapa 1910, na kwa njia ile vilikuja sabuni, nguo, baisikeli, kisha fono. Diski za kwanza zilizopendwa sana na Waafrika hazikuwa zetu: zilikuwa za Cuba, zile wazee waliita paka "G.V." sababu ya herufi zilizoandikwa mbele ya namba. Zilianza kuuzishwa Afrika mu 1933. Diski ya wakati ule ilizunguka mara 78 kwa dakika, ilibeba karibu dakika tatu kila upande, na ikianguka chini, imekwisha.

Kisha vita ya pili, Wagiriki na wafanyabiashara wengine wa Léopoldville waliona kuko franga mu sauti ya Mwafrika. Nicolas Jeronimidis akafungua Ngoma mu 1948; mwaka ule ule Wendo na Bowane wakaimba Marie-Louise. Zikafuata Opika, Loningisa ya Papadimitriou mu 1950, na Esengo mu 1957. Mu 1960 Kabasele akaanzisha Surboum African Jazz yake mwenyewe, na hapo mwanamuziki akawa tajiri wa nyumba yake. Hii inajulikana, vitabu viko, sitaikalia sana.

Kile kisichosemwa sana ni kwamba sisi wa Katanga tulikuwa na njia yetu ingine. Mu 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa anakaa Afrika ya Kusini, alifika Jadotville (Likasi ya leo) na mashini ya kunasa sauti. Huko akamukuta kijana wa miaka karibu 22, Jean Bosco Mwenda, Myeke wa Bunkeya, aliyepiga gitaa kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu, na bado ungeapa wako watu wawili. Wimbo wake Masanga ulitoka ku diski ya Gallotone, kampuni ya Afrika ya Kusini. Angalia safari yenyewe: wimbo wa Kiswahili unaimbwa Jadotville, unashuka kusini kuchapishwa, kisha unarudi kwetu ukiwa bidhaa. Mutu wa Jadotville alimununua jirani yake kwa franga.

Wimbo haukukaa hapa. Ulifika mpaka Kenya, na mu 1959 Bosco mwenyewe alikuwa Nairobi, anapiga kwa ajili ya matangazo ya dawa ya Aspro. Edouard Masengo naye alipita njia ile. Mwanzo wa miaka ya 1970 Baba Gaston akatoka Lubumbashi na kundi lake kwenda Dar es Salaam, kisha Nairobi. Vijana waliotoka mu kundi lake wakaunda Les Mangelepa mu 1976. Kwa hiyo diski "mpya" zilizofika Lubumbashi kutoka mashariki zilikuwa mara ingine sauti za watoto wa hapa hapa.

Sasa, namna gani tulizipoteza? Kila mutu anasema "vita". Vita iko ndani, ndiyo, lakini tusiipakie kila kitu. Mu 1973 Zaïrianisation iliwanyanganya wageni maduka, na mingi yalikufa mu mikono ya wapya. Mu miaka ya 1980 kaseti ilienea: mutu mmoja alinunua, mtaa mzima ulinakili. Mazadis, kiwanda cha Kinshasa kilichochapisha diski, kikalegea. Sindano za fono zikakosekana, na diski bila sindano iko sahani tu. Tena kuko jua: diski ya plastiki chini ya mabati inapinda wiki moja tu ya joto. Na mu 1992 na 1993, wakati jamaa za Kasai zilifukuzwa Katanga na kungojea treni ku stesheni siku na siku, nani angebeba diski? Hamsini za zamani zinafika karibu kilo 10. Walibeba watoto na masufuria. Aibu ile iko yetu sisi tuliobaki, na pamoja na diski tulipoteza majirani.

Kwa hiyo mimi siwatukani watu wa Ulaya wanaorudisha nyimbo hizi. Walizitafuta, wakazisafisha, wakaandika majina. Maktaba aliyoanzisha Tracey mu 1954 iko leo ku chuo kikuu cha Rhodes, Makhanda, Afrika ya Kusini, na SWP, nyumba ndogo ya Utrecht, ilitoa ku CD nyimbo za gitaa za kusini ya Kongo zilizonaswa na Tracey. Bila wao tungesikia kimya.

Lakini kuko maswali mawili. La kwanza ni la franga. Zamani mwanamuziki mara mingi alilipwa mara moja, akapewa mukono, basi. Wakati wimbo unauzishwa tena kisha miaka 60, mjane na watoto wanapata nini? Kongo iliunda SONECA mu 1969, kisha SOCODA mu 2011, ili haki hizi zilindwe. Muulize mtoto wa mwanamuziki yeyote wa mtaa wenu. La pili: diski moja ya namna hiyo Ulaya mara mingi iko euro 20 au 30. Mwalimu wa sekondari anaweza kupiga hesabu mwenyewe, sina haja ya kumusaidia. Wimbo ulioimbwa mu lugha yetu unafika kwanza kwa yule asiyeisikia.

Bado masanduku yako. Kenya, Kamalondo, Likasi, Kipushi, kuko mama anayetunza diski za marehemu bwana yake bila kujua ni nini. Mbele ya kumuuzishia mupita-njia, zisimamishwe kama vitabu ku etajeri, zisilazwe moja juu ya ingine, na ziwe mbali na mabati. Zifutwe na kitambaa laini, kufuata mzunguko wa mistari. Kisha chukueni kaye ya shule. Andikeni jina la nyumba, namba, upande wa A na wa B, jina la kundi, na lile jina dogo chini ya wimbo, ambalo mara mingi liko la mtungaji, na haki yake inaanzia pale. Kama karatasi ya katikati imeliwa na mende, inamisheni diski ku mwangaza: karibu na katikati, pale mistari inaishia, kuko namba iliyochorwa ndani ya diski yenyewe. Ile haifutiki.