Tembo Kwenye Karatasi: Matangazo ya Zamani ya Bia Kama Chanzo cha Historia

Katika Kiswahili neno tembo lina maana mbili: mnyama mwenye mkonga, na pombe ya mnazi. Nilikumbuka jambo hilo nilipoanza kukusanya lebo, kalenda na mabango ya zamani ya bia yenye picha za wanyama wa porini. Mkusanyo wangu ni vipande kumi na saba tu, navyo vinakaa katika bahasha moja nyumbani kwetu Mutakura. Baba mkubwa, aliyewahi kuwa na baa ndogo mtaani, aliniuliza: "Mwanangu, karatasi za pombe zina historia gani?" Insha hii inajaribu kumjibu.

Tuanze na Kenya. Mwaka 1922 ndugu wawili walowezi, George na Charles Hurst, walianzisha kiwanda cha bia Nairobi. Mwaka uliofuata George aliuawa na tembo akiwa mawindoni. Bia yao ikaitwa Tusker, yaani tembo mwenye pembe kubwa, na mnyama huyo akawekwa kwenye lebo. Anayeitazama lebo hiyo anaona tembo aliyetulia. Haoni bunduki. Haoni pia kwamba Mwafrika wa Kenya alikatazwa na sheria ya kikoloni kunywa bia ya chupa mpaka baada ya Vita Vikuu vya Pili. Tembo yule alichorwa kwa ajili ya wanywaji walioiona nchi kama uwanja wa kuwinda. Baada ya uhuru, tembo huyohuyo alitangazwa kwa maneno "Bia yangu, nchi yangu". Mnyama alibaki, lakini maana ilihamia kwa watu wengine.

Uingereza mambo yalikuwa tofauti. Kuanzia miaka ya 1930 mchoraji John Gilroy alichora mabango ya Guinness yenye wanyama wa bustani, ambao humtoroka mtunzaji wao na bia yake. Ndege wake mwenye mdomo mkubwa, aliyetokea mwaka 1935, hutafutwa sana na wakusanyaji mpaka leo. Kule mnyama wa mbali alikuwa kichekesho. Nairobi alikuwa kumbukumbu ya kifo.

Jirani zetu wa Lubumbashi wana bia ya Simba na bia nyeusi iitwayo Tembo. Majina hayo ni ya Kiswahili kwa sababu hicho ndicho Kiswahili cha mji uliokua na migodi ya shaba. Mteja hakuhitaji kujua Kifaransa ili aagize.

Na Burundi je? Kiwanda cha Brarudi kilianzishwa mwaka 1955, mji ukiitwa Usumbura, miaka saba kabla ya uhuru. Bia yake maarufu, Primus, ina jina la Kilatini lenye maana ya "wa kwanza". Kwetu simba alikuwa na kazi nyingine. Kwa Kirundi anaitwa intare, na wafalme kadhaa walitawala kwa jina la Ntare. Kichwa chake kipo mpaka leo kwenye nembo ya taifa. Tembo wa porini hawapo tena nchini mwetu. Mimi nimewaona viboko wa Tanganyika kwa macho yangu, lakini tembo nimemwona kwenye karatasi tu.

Kipande ninachokithamini zaidi ni kalenda yenye simba, ambayo jina la kampuni limechanika. Mapigano ya miaka ya 1990 yalipofika mitaa ya kaskazini ya Bujumbura, baba mkubwa alikimbia na godoro, na kalenda ikabaki imekunjwa ndani yake. Mwaka jana mtu mmoja alitaka kuinunua kwa faranga elfu hamsini. Alipoigeuza, akasikitika kwamba nyuma imechafuliwa kwa kalamu ya risasi.

Uchafu huo ni orodha ya madeni. Kuna majina ya wateja ishirini na mmoja na idadi ya chupa alizokopa kila mmoja. Baba mkubwa aliyasoma kwa sauti, taratibu. Wengine walirudi wakalipa. Kwa majina manane alinyamaza kidogo, kisha akaendelea na linalofuata.

Hatukuiuza. Picha ya mbele inatuonyesha kampuni ilitaka wateja wake waote nini. Maandishi ya nyuma yanatuonyesha wateja wenyewe walikuwa nani. Mwanahistoria anayechukua simba peke yake anawaacha majirani wetu nyuma ya karatasi. Kwa hiyo nimeanza daftari: kila kipande kilitoka wapi, kilitundikwa katika nyumba gani, na nyuma yake pameandikwa nini. Yale majina manane, baba mkubwa ameahidi kunisimulia moja kila Jumapili. Mpaka sasa tumefika la tatu.