Kutengeneza Majengo ya Kale

Sisi tukaao katika miteremko ya Kilimanjaro twaijua nyumba ya asili ya Wachaga, iliyoezekwa tangu kileleni hata chini. Nyumba hiyo yataka kutazamwa daima: kilichooza hutolewa, kilicho kizima huachwa. Kanuni hiyo hiyo huongoza matengenezo ya majengo makubwa, nasi tutaionyesha kwa jengo moja la Unguja.

Mwaka 1887 tajiri Tharia Topan alianza kujenga hospitali ya maskini ukingoni mwa bahari, mjini Zanzibar. Alifariki mwaka 1891 kabla haijamalizika, na kazi ikatimizwa mwaka 1894. Baadaye orofa ya chini ikawa zahanati, na juu wakakaa watu. Uzuri wake mkubwa ni roshani za mbao, zilizochongwa nakshi za Kihindi.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 jengo lilipuuzwa. Mvua ikapenya paani, mbao zikaoza. Katika miaka ya 1990 shirika la utamaduni la Aga Khan lililitengeneza upya, na mafundi wa Zanzibar wakapata mafunzo katika kazi hiyo.

Je, kazi ya namna hii hufanywaje? Seremala haing'oi nguzo nzima kwa sababu ya ncha iliyooza. Hukata penye ubovu tu, akaunga kipande cha mti unaolingana na ule wa kwanza, kisha akachonga nakshi kwa kufuata iliyosalia. Mwashi naye hutumia chokaa, wala si saruji. Maana ukuta wa kale hupumua kwa chokaa, bali saruji huufungia unyevu ndani, na unyevu huozesha vichwa vya boriti.

Kuchelewa kuna hasara kubwa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ilianguka katikati ya matengenezo, na watu wawili wakafa.

Huku kwetu nako yako makanisa na nyumba za kale za misioni. Twawasihi wenye kuyatunza wazibe tundu la paa lingali dogo. Na vijana wajifunze useremala kwa mafundi wazee wangali hai, kwani mbao hupatikana tena, lakini ujuzi uliozikwa na fundi haufukuliwi.