Ebenezer Si Jina la Saluni Tu

Kutoka stage ya Tena mpaka kwetu ni mwendo wa dakika kumi hivi, na katika hizo dakika kumi nimehesabu Ebenezer nne. Kuna kinyozi, kuna duka la nafaka, kuna saluni, na kuna fundi wa kuchomelea mageti ambaye ameandika jina lenyewe kwa vyuma. Ya tano ilikuwa matatu, lakini mwenyewe aliiuza.

Ukimuuliza mwenye saluni maana yake, hatafikiria mara mbili. Atakwambia ni shukrani, kwamba hapo alipofika hakujifikisha. Na ni kweli. Kwenye 1 Samweli 7, Samweli anachukua jiwe baada ya Wafilisti kupigwa, analisimamisha, analipa jina hilo. Jiwe la msaada. Sisi wa Eastlands tumelichukua tukalipeleka kwa mabango, kwa vyerehani, kwa vyama vya akina mama. Sina shida na hiyo. Shida yangu ilianza na video.

Mwaka huu kanisa letu hapa Tena linafikisha miaka 30. Kwa sababu mimi ndiye yule kijana wa simu na stendi, kamati ikanipa kazi ya kutengeneza video ya dakika kumi na mbili. Kichwa walikuwa wameshachagua: Mawe ya Ukumbusho. Malipo hakuna, lakini chapati ziko.

Nikarekodi watu. Stori zilikuwa tamu, sikudanganyi. Jinsi walianza kwa mabati ya kuokotaokota, jinsi mvua ikinyesha mchungaji ananyamaza mpaka iishe kwa sababu hakuna mtu angesikia, jinsi watoto wa Sunday school wa wakati ule ndio sasa wanaleta watoto wao. Halafu nikafika kwa mama mmoja mzee, mmoja wa wale wa kwanza kabisa. Nikamuuliza swali lile lile la kila mtu: Mungu amekuwa mwaminifu kwenu vipi? Akanyamaza kidogo. Akasema, "Mwanangu, mwaka wa 2008, mwezi wa kwanza, viti vya upande ule vilikaa wazi. Wale walikuwa watu wetu. Hawakurudi." Kisha akatengeneza leso yake, akaendelea na stori ya vile walichimba choo.

Kama ulikuwa mtoto ama hujazaliwa, 2008 ni hii: baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi iliwaka, zaidi ya watu 1,100 wakauawa, na familia nyingi sana zikahama mitaa zilizokuwa zimeishi maisha yao yote kwa sababu ya jina la ukoo tu. Watu waliokimbilia kanisani Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomewa humo ndani siku ya mwaka mpya. Kanisa lenyewe halikuwa safi. Februari ya mwaka huo viongozi wa NCCK walijitokeza wakaomba Wakenya msamaha kwa sababu walikuwa wameegemea pande. Hiyo sehemu huwa hatuambiwi kwa ibada ya vijana.

Mwenyekiti wa kamati alipoona hiyo klipu alisema, "Kijana, hiyo toa. Hii ni sherehe ya uaminifu wa Mungu, si siasa." Sikumjibu. Ni mzee wangu, na kusema ukweli hakusema kwa ubaya. Anaogopa kufungua kidonda siku watu wamevaa sare wakapika pilau. Lakini nilirudi nyumbani nikiwa na hilo neno, "toa", likinikwaruza.

Nikafungua Biblia nitafute mstari wa kuweka mwanzo wa video. Na manze, nikakutana na kitu sikuwahi kuambiwa. Jina Ebenezer halianzi sura ya 7. Linaanza sura ya 4. Waisraeli wanapiga kambi Ebenezer, wanapigana na Wafilisti, wanapigwa vibaya. Mara ya kwanza wanakufa kama elfu nne. Wanaleta Sanduku la Agano wakidhani litawaokoa kama hirizi, wanapigwa tena, wanakufa elfu thelathini, wana wa Eli wanakufa, na Sanduku lenyewe linabebwa kutoka Ebenezer mpaka Ashdodi. Miaka ishirini na zaidi inapita kabla Samweli asimamishe lile jiwe. Kwa hivyo aliposema hilo jina, mzee yeyote aliyekuwa pale hakusikia ushindi peke yake. Alisikia pia pale walipozika watu wao. Samweli angeweza kuchagua jina lingine safi. Alichagua lile lenye makaburi.

Sijui kama fundi wa mageti anajua hii. Nitamwambia.

Sasa, historia. Ukipita Bahati utaona kanisa la PCEA linaitwa Bahati Martyrs. Nimepita hapo tangu nikiwa mdogo na sijawahi kuuliza mbona mtu ataje mashahidi wa imani katikati ya Eastlands. Safari hii nikauliza, na nikamuuliza shosho, kwa sababu yeye ndiye alikuwa karibu. Akanijibu kwa swali: "Kwani hujawahi kupelekwa kanisa la Murang'a?"

Nikaenda. Matatu kutoka mitaa ya River Road, Thika Road, Kenol, Maragua, umefika. Kanisa lenyewe ni la Anglikana, St James and All Martyrs, watu huliita Memorial Cathedral. Geoffrey Fisher, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliweka jiwe la msingi Mei 1955, wakati Murang'a bado inaitwa Fort Hall na Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 bado inaendelea. Siku hizo hizo alikuwa ametoka Namirembe, Kampala, kuwaweka wakfu Obadiah Kariuki na Festo Olang', Wakenya wa kwanza kuwa maaskofu wa Kianglikana. Kanisa lilijengwa kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau.

Hapa lazima nitulie kidogo, kwa sababu najua wengine wenu mmeshakunja uso. Mau Mau ndio mashujaa wetu, si ndio? Ndio. Ni watu waliopigania ardhi walionyang'anywa, na sitaki mtu aniambie vingine. Lakini kulikuwa na watu wengine. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, uliingia Kenya mwaka wa 1937, wale wa kuimba Tukutendereza, na kwa Kikuyu wakaitwa ahonoki, waliookoka. Vita vilipokuja, wengi wao walikataa kula kiapo. Walisema wameshakunywa damu ya Kristo na hawawezi kunywa nyingine. Wazungu wakafurahi wakidhani wamepata askari, wakawapa bunduki za home guard. Na wengi wa ahonoki wakakataa hizo pia. Fikiria hiyo nafasi. Msituni unaonekana msaliti, kwa D.C. unaonekana mkaidi. Huna upande wa kukulinda usiku.

Wengine waliuawa kwa ajili ya hilo. Wachache sana kati yao wamo kwa vitabu vya shule.

Ndani ya kanisa kuna picha tano kubwa ukutani: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane, na msalaba. Zilichorwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na Elimo Njau, Mchagga kutoka Marangu aliyesomea Makerere, yule yule aliyekuja kuanzisha Paa ya Paa hapa Nairobi mwaka wa 1965. Yesu ni Mwafrika. Milima ni ya huko huko, miti ni ya huko huko. Leo mtu ataona ni kitu cha kawaida. Wakati ule Yesu wa kila kalenda alikuwa na macho ya buluu, na askari waliokuwa wakichoma nyumba za watu walikuwa na macho kama hayo. Nilisimama mbele ya ule msalaba kwa muda mrefu hadi mlinzi akaja kuniuliza kama niko sawa.

Kilichonishika ni kwamba ukumbusho huu hauna ushindi ndani yake. Hakuna picha ya mtu akiponyoka. Wale watu waliomba na wakafa. Kama uaminifu wa Mungu ni kupata kiwanja Joska na gari, basi hawa hawakuuona. Lakini wenzao walijenga kanisa zima kusema waliuona.

Nilirudi kwa shosho na maswali. Baba yake alikuwa muhonoki. Alichukuliwa usiku na hakurudi, shosho akiwa msichana wa kubeba mtoto mgongoni. Lakini kaka yake mkubwa alikuwa amekula kiapo. Alishikwa hapa Nairobi, Aprili 1954, kwenye ile Operation Anvil ambapo Waingereza walizunguka jiji, mitaa hii yetu ya Eastlands ikiwemo, wakabeba wanaume maelfu kwa maelfu. Yeye alipelekwa Manyani. Alirudi, lakini shosho anasema alirudi nusu. Mama mmoja, mume ameuawa na upande ule, mwana amevunjwa na upande huu. Nikamuuliza aliomba nini. Akasema mama yake hakuwa anaomba kwa maneno miaka hiyo, alikuwa anaenda kanisani anakaa.

Baba yake na shosho hayuko kwa jiwe lolote ninalojua. Kaka yake angalau ana kitu. Tangu 2007 Dedan Kimathi amesimama kwa sanamu yake jijini, na Septemba 2015 ukumbusho wa walioteswa wakati wa ukoloni ulifunguliwa Uhuru Park, baada ya Uingereza kukubali mwaka wa 2013 kulipa zaidi ya watu 5,000 waliokuwa wamedai. Nimempeleka shosho Uhuru Park. Alisimama pale, akatazama, akasema, "Huyu ni wa kaka yangu. Wa baba uko Murang'a." Hakusema upi ni mzuri zaidi. Nadhani familia nyingi za Murang'a zina hizo safari mbili, lakini kwa Twitter unaambiwa uchague moja.

Kuna watu kwa Biblia waliojijengea ukumbusho wenyewe. Sauli alijisimamishia wake Karmeli. Absalomu alijijengea nguzo kwa sababu hakuwa na mwana wa kubeba jina lake. Kusema ukweli, video nyingi za sherehe za makanisa ziko upande wa Absalomu, na zangu za awali ziko humo. Drone, jengo, mchungaji na mkewe wakitembea polepole.

Halafu kuna Yoshua 4. Yale mawe kumi na mawili ya Yordani tunayajua. Yalitolewa mtoni yakawekwa Gilgali, ili mtoto akiuliza, mzazi awe na stori ya kumpa. Lakini soma mstari wa 9. Yoshua alisimamisha mengine kumi na mawili katikati ya mto, pale makuhani waliposimama. Kisha maji yakarudi. Yaani kuna rundo la ukumbusho ambalo hakuna mtoto angewahi kuliona akipita. Kama huna mzee wa kukuambia liko, kwako haliko.

Mwenyekiti anataka mawe ya Gilgali, na ana haki. Yako na yametosha dakika kumi na moja. Yule mama alikuwa ananionyesha ya chini ya maji.

Hii ndiyo nimefanya. Sijatoa klipu. Nimekata kila kitu kinachoweza kumtaja mtu ama kabila, kwa sababu kuna majirani ambao bado wako na hawajui ni nani aliyefanya nini, na video ya sherehe si mahakama. Nimeacha maneno yake yale matatu manne, na baada ya hapo sekunde ishirini za viti vitupu, nilivyovipiga Jumatano mchana kanisa likiwa halina mtu. Bila muziki. Nimemtumia mwenyekiti jana usiku kwa WhatsApp, na nimeandika kwa heshima kwamba kama kamati itakataa, watafute mtu mwingine amalizie, picha zote nitawapa bure. Tiki ni za buluu. Hajajibu.

Asubuhi shosho aliniomba aione. Hakuwa wa kanisa letu mwaka wa 2008, alikuwa bado kijijini. Aliitazama yote, akarudi nyuma mpaka kwenye vile viti, akasimamisha kwa kidole, akaniuliza, "Hapa alikuwa anakaa nani?"

Sikuwa najua. Nimempigia yule mama. Amesema nije Jumapili baada ya ibada, na nikuje na kalamu.