Watoto wa aksoloti hufa njaa huku chakula kimewazunguka

AKSOLOTI ni mnyama wa jamii ya salamanda ambaye asili yake ni maziwa na mifereji ya Xochimilco, kusini mwa jiji la Mexico. Tofauti na chura, ambaye huacha maji akishapevuka, aksoloti huzeeka akiwa na umbo la utotoni. Matamvua yake huchomoza nje ya kichwa mithili ya manyoya, na maisha yake yote huyapitisha majini.

Huko kwao amekaribia kutoweka. Mwaka wa 1998 watafiti walikadiria kuwepo kwa aksoloti 6,000 katika kila kilomita moja ya mraba. Kufikia 2014 makadirio yalikuwa yameshuka hadi 36. Ajabu ni kwamba katika nyumba na maabara za Ulaya na Marekani wamejaa tele, wengi wao wakiwa uzao wa wale waliosafirishwa hadi Paris katika miaka ya 1860. Na tangu 2021, walipoingizwa katika mchezo wa kompyuta wa Minecraft, watoto wengi wamekuwa wakiwasihi wazazi wawanunulie.

Mnunuzi aliyewatia wawili katika tangi moja, bila kujua kuwa ni dume na jike, huamka siku moja akakuta mimea imebandikwa mayai. Jike hutaga mamia kwa mkupuo mmoja, na pengine yakakaribia elfu moja. Majuma mawili au matatu baadaye huanguliwa, na hapo ndipo mashaka yanapoanza.

Mtoto aliyeanguliwa ana urefu wa sentimita moja hivi na hana mguu hata mmoja. Kwa siku mbili au tatu za kwanza hahitaji kulishwa, kwa kuwa tumboni mwake kuna masalio ya kiini cha yai. Anayemmwagia chakula wakati huo anachafua maji bure.

Kiini kikishaisha, njaa humjia kwa ghafla. Wakati huo mtoto wa aksoloti hutambua chakula kwa mwendo wake. Kitu kikipita mbele yake kikitikisika, hufumbua kinywa mara moja na kukivuta ndani pamoja na maji. Kisichosogea kwake si chakula. Unga wa samaki, chembe za vyakula vya dukani na kiini cha yai la kuku kilichopondwa, ambacho baadhi ya watu hupenda kukipendekeza, vyote huzama, vikaoza na kutoa amonia. Mfugaji huona sakafu ya chombo imejaa lishe na kudhani wanyama wake wameshiba, ilhali wanakufa kwa njaa na sumu kwa pamoja.

Kwa hiyo hana budi kuwapa viumbe hai. Wanaotumiwa zaidi ni artemia, uduvi wadogo mno wa maji ya chumvi, ambao mayai yao makavu huuzwa katika mikebe na huweza kukaa muda mrefu bila kuharibika. Msomaji wa pwani ya Kenya huenda amepita karibu nao asijue, kwa maana artemia wenye asili ya San Francisco walipandwa katika mabwawa ya chumvi kaskazini mwa Malindi katika miaka ya 1980.

Kuwaangua si kazi ngumu. Lita moja ya maji hutiwa chumvi gramu 25 hivi, kisha mayai, na hewa ikapulizwa ndani kwa mpira mwembamba. Maji yakiwa na joto la nyuzi 26 hadi 28, uduvi huanza kuonekana baada ya saa 24 hivi. Wachujwe kwa kitambaa kizito, wasuuzwe kwa maji baridi ili chumvi iondoke, na walishwe upesi, kwani kadiri wanavyokaa ndivyo virutubisho vyao vinavyopungua. Wale wasioliwa hufa baada ya saa chache katika maji yasiyo na chumvi, hivyo ni lazima waondolewe. Mwenye bwawa lenye viroboto wa maji anaweza kuwatumia hao pia; wana faida ya kuishi hadi waliwe.

Watoto walishwe mara mbili kwa siku. Kujua kama wamekula ni rahisi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu ngozi yao hupenyeza mwanga: aliyeshiba artemia huonekana ana tumbo la rangi ya chungwa.

Miguu ya mbele ndiyo hutangulia kuota, na kipindi hicho ndicho cha hatari kubwa. Watoto hurukia chochote kinachotikisika, ukiwemo mguu wa ndugu yao. Kweli, aksoloti ana kipaji cha kuotesha upya kiungo kilichokatika, lakini aliyepoteza miguu na matamvua kwa pamoja huenda asiwahi kupona. Dawa ni kuongeza chakula, kuwatenga wakubwa na wadogo, na inapowezekana kumweka kila mmoja katika kikombe chake hadi afikie sentimita tano au sita. Maji yabadilishwe kila siku, na ya mfereji yaondolewe klorini kwanza.

Miguu ya nyuma ikishaota, mtoto akiwa na sentimita mbili hivi au zaidi, huanza kunusa na kukubali chakula kisicho hai. Hapo apewe vipande vidogo vya nyungunyungu waliochimbwa katika udongo usio na dawa za kilimo. Nyungunyungu ndio lishe bora hata kwa mkubwa. Samaki wadogo wasitumiwe: huleta vimelea, na wengine huyang'ata matamvua. Changarawe nayo isitandazwe, kwa kuwa kinywa kinachovuta chakula huvuta na mawe, yakaziba utumbo.

Joto la maji lidumishwe kati ya nyuzi 16 na 18. Likipita 24 mnyama hudhoofika na kukataa chakula, jambo ambalo mfugaji wa nchi yenye joto atalilipia kwa mashine ya kupoza maji.

Kulea mamia ya watoto wa namna hii ni kazi ya kutwa kwa miezi kadhaa. Wafugaji wazoefu huacha mayai machache tu na kuyagandisha mengine siku zile zile yalipotagwa, kabla kijusi hakijakua. Kuwaachilia watoto wa ziada katika mto au ziwa hakufai popote, hata Xochimilco kwenyewe: hao wa kufugwa huweza kubeba magonjwa, na damu ya wengi wao ilichanganywa maabarani na ya salamanda wa aina nyingine.