Tokeni za seva: jinsi ya kukagua na kuhamisha miongozo ya mfumo

Tokeni ni mfululizo wa herufi na tarakimu ambao seva huipa programu iliyokwisha kuthibitishwa, ili iendelee kuhudumiwa bila kutuma neno la siri kila mara. Kampuni ya usafirishaji ambayo mfumo wake umeunganishwa na huduma ya malipo huitegemea kila siku, ingawa wenye kampuni wengi hawajawahi kuiona.

Inavyofanya kazi

Tokeni inafanana na kibali cha kutoka getini. Mlinzi huangalia kibali na muda wake, kisha hufungua. Haulizi nani alikiomba. Kikiokotwa na mtu mwingine kabla muda haujaisha, naye atapita.

Utaratibu unaotumika sana ni OAuth 2.0, uliochapishwa Oktoba 2012 katika waraka RFC 6749. Waraka RFC 6750 wa mwezi huo huo unaeleza tokeni ambazo yeyote anayezishika anaweza kuzitumia.

Mfano wa karibu ni Daraja, mfumo uliofunguliwa na Safaricom ya Kenya mwaka 2017 ili programu za makampuni ziunganishwe na M-Pesa. Kampuni hupewa ufunguo na siri yake. Programu ya kampuni huvituma kwenye seva na kurudishiwa tokeni yenye uhai wa sekunde 3,599, yaani karibu saa moja. Tokeni hiyo huambatanishwa na kila ombi, liwe la kumtaka mteja alipe, kumtumia dereva fedha au kuulizia muamala.

Mwongozo unapokosea

Chukulia mwongozo wa kampuni unasema tokeni ichukuliwe mara moja asubuhi. Saa ya kwanza kazi itakwenda vizuri, kisha maombi yataanza kukataliwa. Dereva aliyefika Malaba atasubiri fedha za njiani, mhasibu atadhani akaunti haina salio, na fundi atadhani mtandao umekatika. Seva ni nzima na fedha zipo. Kosa liko kwenye mwongozo.

Hali hii hutokea zaidi mfumo unapobadilishwa au fundi aliyeujenga anapoondoka, na miongozo ikahamishwa jinsi ilivyo bila kusomwa.

Mambo ya kukagua

1. Siri zilizoachwa kwenye mifano. Ufunguo na siri ya Daraja hutumwa vikiwa vimeandikwa kwa base64. Huo si usimbaji wa kuficha. Mtu yeyote anaweza kuurudisha katika maandishi ya kawaida. Siri halisi ikikutwa kwenye mwongozo, ibadilishwe kwanza, ndipo ifutwe.

2. Anwani za majaribio. Daraja ina seva ya majaribio na seva ya kazi halisi. Namba 174379 ni ya majaribio. Ikionekana kwenye ukurasa wa kazi halisi, ukurasa huo haujakaguliwa.

3. Uhai wa tokeni. Mwongozo useme inadumu muda gani, nani anaiomba upya na wakati gani. Ni salama zaidi kuiomba dakika chache kabla ya muda kuisha.

4. Mahali inapowekwa. Tokeni ipelekwe kwenye kichwa cha ombi, si ndani ya anwani ya wavuti, kwa kuwa anwani hubaki kwenye kumbukumbu za seva. RFC 6750 ilishauri isiwekwe humo, na RFC 9700 ya Januari 2025 imekataza kabisa.

5. Majibu ya makosa. Kwa OAuth, jibu la kawaida kwa tokeni iliyokwisha muda ni 401. Mwongozo utaje namba ambazo huduma husika hutoa na hatua ya kuchukua, ili mtu wa zamu ya usiku asilazimike kubahatisha.

Kuhamisha

Kwanza zikusanywe nakala zote, zikiwemo zilizo kwenye barua pepe na kompyuta za mafundi. Kila ukurasa upewe uamuzi mmoja kati ya mitatu: kubaki, kurekebishwa au kuondolewa. Ukurasa mpya uandikwe tarehe na cheo cha anayewajibika nao.

Kisha mtu ambaye hakuuandika aufuate hatua kwa hatua kwenye seva ya majaribio, na aache programu ikiendelea kwa zaidi ya saa moja. Jaribio la dakika kumi haliwezi kuonyesha kosa linalojitokeza tokeni inapokwisha muda.

Mwisho, ukurasa wa zamani usiachwe kando ya mpya. Mahali pake pawekwe maelezo mafupi yanayoelekeza kwenye mwongozo mpya. Miongozo miwili inayopingana ikibaki, fundi mwenye haraka atafuata ule atakaoukuta kwanza, na gari litaendelea kusubiri mpakani.